Picha Zimekauka?

Jumatatu, 4 Machi

Shajara hii nimepewa na Fundi, bosi wangu wa duka la vioo. Mteja aliisahau kaunta, tukamngoja mpaka tukachoka. Fundi akasema, "Chukua wewe mwenye maneno mengi, uyamwage humo, masikio yangu yapumzike." Basi nayamwaga.

Mwenye shajara ni kijana mtanashati kuliko wote wa jengo la Matangi. Anayebisha akawaulize wasichana wa ghorofa ya pili. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini mwandiko wangu unauona mwenyewe, umelala vizuri. Kwa kukata kioo hakuna wa kunifikia ukimtoa Fundi, na Fundi macho yake siku hizi yanataka kubembelezwa.

Mvua imeanza leo. Bibi ameweka ndoo mahali pake pa kila mwaka, chini ya ufa wa dari, akaisemesha: "Haya, shoga, tumeonana tena."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimekata vioo, havikunikata.

Jumanne, 12 Machi

Wamebandika karatasi mlangoni. Matangi litabomolewa mvua zikiisha, na kila familia itapewa nyumba upande wa pili wa mji. Mjomba, ambaye nalala naye chumba kimoja na anakoroma kwa niaba ya jengo zima, amefurahi kama mtu aliyeposa akakubaliwa. Kule kuna uani, anasema. Kule dari halivuji.

Bibi alikuwa anakunja nguo. Alikunja mpaka zikaisha, akazikunjua, akakunja tena. Kisha akasema, "Mimi nimeingia humu kuta bado zinanuka rangi. Niliingia na mume mmoja na kiti kimoja. Mume kaondoka, kiti kipo."

Kiti chenyewe ni cha mbao, kiko barazani nje ya mlango wetu, ghorofa ya tatu, kimeelekezwa kwenye ngazi. Cha Babu. Hakikaliwi. Nilikikalia siku moja nikiwa mdogo, nikala kofi ambalo nikilikumbuka shavu linawasha mpaka leo. Bibi hukifuta vumbi kila asubuhi, kisha anakizunguka na kwenda kukaa kwenye kigoda chake pembeni. Babu mimi simjui, alifariki kabla sijazaliwa. Ila Bibi, kama mabibi wote, ananiita "mume wangu", na anadai napanda ngazi kama yeye, vidato viwiviwili. Sina tatizo. Kama babu alikuwa anatembea kama mimi, basi alikuwa mtu wa maana.

Jumamosi, 16 Machi

Leo naandika mpaka kalamu iombe maji.

Fundi alinituma ukumbi wa maonyesho kule mjini, upepo umevunja kioo cha dirisha. Nilijua nitakuta picha. Nilidhani picha ni picha, zile za sebuleni, bwana na bibi harusi na ua la plastiki. Nikaingia na ngazi begani, nikasimama. Nilisimama hivyo hivyo na ngazi yangu mpaka bega likaanza kunikumbusha kilichonileta.

Picha ni kubwa kuliko mlango. Kubwa kuliko chumba chetu, kama chumba chetu kingesimamishwa wima. Moja inaonyesha uwanja wa kufulia wa hospitali: mashuka meupe, kamba juu ya kamba, mpaka kule nyuma yanakuwa madogo kama punje. Ukisimama mbali, unaona mashuka yanapumua. Ukisogea, kwenye shuka moja unaona kiraka, na kwenye kiraka unaona nyuzi, na nyuzi zenyewe si za rangi moja. Kona ya chini kabisa kuna mama amebana kibanio cha nguo kwa meno. Kibanio kimevunjika mguu mmoja. Yote hayo yamo humo, na hakuna kinachomsukuma mwenzake.

Kando alikaa mama mmoja mtu mzima, nywele nyeupe, anamenya chungwa. Nikajua ni mlinzi wa ukumbi. Nikamwambia, ili nisionekane nimeduwaa, "Mama, hizi hata mimi napiga kwa simu."

"Eeh? Piga basi, mwanangu, nione."

Nikapiga ile ya mashuka. Nikampa simu kwa madaha.

"Mtafute mwenye kibanio," akasema.

Nikavuta picha kwa vidole. Nikavuta tena. Mwenye kibanio amekuwa uji. Yule mama akala kipande cha chungwa, akanipa na mimi kimoja, kama mtu anayemfariji mfiwa.

"Simu yako inawahi sana," akasema. "Kamera yangu ya kizamani, inaona polepole kama mimi."

Kamera yangu! Ndiye mwenye picha! Ningekuwa mtu wa kuona haya ningeona haya. Badala yake nilimwambia kwetu kuna jengo litabomolewa, zuri kuliko shuka zote za hospitali, lina matangi manne juu ya paa na bibi mmoja ghorofa ya tatu, na kwamba asipolipiga atajuta. Akacheka mpaka akapaliwa na chungwa.

Kioo nilikikata vibaya, nikarudia. Fundi asijue.

Jumanne, 19 Machi

Nimerudi ukumbini, safari hii bila ngazi wala sababu. Nimesimama mbele ya mashuka mpaka wakafunga. Nimegundua kingine: ndani ya shuka moja kuna kivuli cha mtu, lakini mwenyewe haonekani. Nimemuuliza. Anasema alikuwepo, ila alikuwa anatembea. Kamera yake inafumbua jicho muda mrefu. Anayetulia anaingia, anayetembea anapotea.

Ijumaa, 22 Machi

Amekuja! Mimi nimempa jina Bi Shuka, kwa ajili ya mashuka, na kwa sababu anapotazama kamera anajifunika shuka jeusi kichwa kizima. Kamera ni sanduku la mbao lenye miguu mitatu, na mgongoni kuna kioo cha ukungu. Picha inajichora kwenye kioo hicho, lakini imepinduka. Nilikitazama kioo kile kwa jicho la fundi. Kimesagwa vizuri. Ningekisaga vizuri zaidi.

Alimwita Bibi achungulie. Bibi akaingia ndani ya shuka jeusi, kisha nikasikia sauti yake humo ndani: "Mungu wangu! Mmepindua jengo! Matangi yatamwaga maji!"

Akatoka nywele zimesimama. Akamuuliza Bi Shuka, "Na mimi nitaonekana humo?"

"Utaonekana, mama. Na kifungo cha gauni lako kitaonekana."

"Na kiti?"

"Na kiti."

Bibi akageuka kwa Mjomba, aliyekuwa ameshaanza kufunga masufuria kwa kamba. "Umesikia? Mimi humu sitoki mpaka nijione kwenye hiyo picha. Njoo na magari yako, njoo na askari. Sitoki."

Mjomba akanitazama mimi. "Ni wewe umeleta hili."

Ni mimi. Kila la maana hapa ni mimi.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua. Bi Shuka amekuja, ametazama mbingu, ameondoka.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Bi Shuka amekuja, ametazama mbingu, amekunywa chai ya Bibi, ameondoka. Mjomba anasema huyu anapiga picha za vikombe vyetu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Nimeanza kumwona huyu mama ana maringo. Jua likitoka anasema ni kali, wingu likija anasema ni zito. Nikamwambia, "Mama, wewe unachagua hali ya hewa kama mtu anachagua nyanya." Akasema, "Ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Kubonyeza anabonyeza yeyote."

Jioni majirani walikaa barazani kwetu, wanamsimulia. Nani alianguka ngazi gani. Nani alimwona mkewe mara ya kwanza akiteka maji. Bibi alisimulia Babu alivyokuwa akirudi kazini, anapiga mluzi tangu chini, na yeye anautambua mluzi kabla ya uso, anawasha jiko. Niliwahi kuisikia hadithi hii mpaka naijua kwa moyo, lakini leo, Bi Shuka alivyokuwa akisikiliza mikono magotini, niliisikia kama imeletwa mpya dukani.

Jumapili, 14 Aprili

Leo ndiyo leo.

Asubuhi mvua ilinyamaza. Wingu jembamba limetanda lote, mwanga laini, hakuna kivuli. Bi Shuka alikuja mbio, na mimi sijawahi kumwona akikimbia. Tukapandisha kamera juu ya paa la stoo iliyo ng'ambo ya barabara. Kutoka pale unaliona Matangi lote: baraza zake ndefu, ngazi ya wazi katikati, nguo, ndoo, matangi.

Akanipa maagizo. "Kwanza nitapiga moja ya kupimia mwanga. Hiyo haina maana. Wewe nafasi hiyo panda, uwaambie watu wajipange. Nikipeperusha kitambaa cheupe, hapo ndipo picha yenyewe. Hapo watu wasipumue."

"Na nikikimbia, nikatokea ghorofa ya kwanza na ya tatu kwa mpigo?"

"Ukikimbia hutatokea popote."

Basi nikateremka kwenye stoo, nikavuka barabara, nikapanda Matangi vidato viwiviwili napiga kelele, "Vaeni! Chaneni! Mwenye meno aoshe, asiye nayo afumbe!" Kila mlango ukawa na fujo. Mjomba alikuwa anatafuta kiatu. Nilipofika kwetu Bibi alikuwa ameshasimama, anajifanya kurekebisha mapazia.

"Mbona unahema hivyo, mume wangu?"

"Picha, Bibi! Gauni!"

Akaingia, akatoka na gauni la bluu ambalo nilikuwa naliona sandukuni tu. Akasimama kando ya kiti cha Babu, mkono juu ya mgongo wa kiti. Mimi nikasimama upande wa pili, kifua mbele. Kitambaa cheupe kikapepea kule ng'ambo.

Jengo zima likatulia. Sijawahi kusikia Matangi limenyamaza hivyo, hata mtoto wa ghorofa ya kwanza anayelia kwa zamu. Pua iliniwasha. Niliiacha iwashe. Nilimtazama Bibi kwa pembe ya jicho, kidevu kimeinuka, akawa si bibi wa mtu, akawa msichana aliyefika leo na kuta bado zinanuka rangi. Kikapepea tena. Akapiga ya pili, moja ikiharibika nyingine iwepo. Kisha watu wote wakapiga makofi, na wingu likafunguka, mvua ikashuka kama iliyokuwa inatungoja tumalize.

Bi Shuka alifika kwetu amelowa. Kamera ameifunga kwa nailoni, lakini kifuani alikumbatia sanduku jeusi lililozungushwa mkanda. Gari lake liko mbali, njia ni mto.

"Mama," akamwambia Bibi, "humu ndimo zilimo picha zenyewe. Naomba zilale kwako, pakavu. Kesho nitazifuata. Bado hazijasafishwa."

"Hazijasafishwa?"

"Bado, mama."

"Haya. Kwangu zitakaa vizuri."

Na nilimwona Bibi akilitazama lile sanduku kama anavyoitazama kola ya shati langu.

Jumatatu, 15 Aprili

Natamani siku hii ingekuwa ya mtu mwingine.

Nimerudi mchana kula. Barazani, kwenye kamba, kati ya suruali ya Mjomba na foronya, zimening'inia karatasi mbili ngumu zenye rangi ya maziwa yaliyomwagiwa maji. Sanduku jeusi liko mezani, wazi, mkanda umekunjwa vizuri pembeni. Bibi ana beseni la povu.

"Nimempunguzia kazi," akasema, amefurahi. "Mama wa watu mtu mzima, mgongo unamuuma. Nimetumia kile kipande cha sabuni laini, sikukwangua. Lakini hazitakati, mume wangu. Nimesugua na kusugua, hata sura moja haijatoka."

"Bibi, nani amekwambia uzioshe?"

"Mwenyewe! Si amesema hazijasafishwa? Na kila mtu anajua picha husafishwa. Tulipopiga ya harusi na babu yako, mwenye studio alituambia njooni Ijumaa, bado nasafisha. Ijumaa tukazikuta safi. Labda zikikauka sura zitatokea."

Mimi sikujua kitu chochote kuhusu filamu, hizo karatasi za kamera ya kizamani; simu yangu haina filamu. Lakini chakula sikukigusa.

Bi Shuka alitokea ngazini. Akaona kamba. Alisimama, akashika ile kamba taratibu, kama anashika mkono wa mgonjwa. Nilimngoja apige kelele. Kama ni mimi ningepiga kelele mpaka matangi yapasuke. Yeye akageuka kwa Bibi, uso umekuwa mweupe kama zile karatasi, akasema, "Asante, mama. Umenihurumia."

"Zikikauka utaniambia?"

"Nitakwambia, mama."

Tuliposhuka, akakaa kwenye ngazi, ngazi imelowa. Akanieleza. Wao wapiga picha wanasema kusafisha, lakini ni kusafisha kwa dawa, kwenye giza. Mwanga ukigusa filamu kabla, basi. Hakuna picha humo tena.

"Tupige tena," nikasema.

"Jumamosi. Mvua ikikubali."

"Na Bibi?"

"Bibi asijue. Mwambie zinakauka." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kama mtoto. "Neno ni langu mimi. Nililisema bila kulitazama."

Huyu ndiye niliyesema ana maringo.

Alhamisi, 18 Aprili

Jumamosi haitakuja.

Alfajiri ukuta wa nyuma wa Matangi umeporomoka, ule wa kuzuia udongo. Hakuna aliyeumia. Wahandisi wamekuja na kofia zao, wakazungusha utepe, wakasema kila mtu atoke leo hii, siyo mvua zikiisha. Malori yakaja. Watu wakatoa maisha yao kwa madirisha.

Bibi akajifungia.

"Nilisema sitoki mpaka nijione!"

"Mama!" Mjomba analia kabisa, machozi. Siku zote nilidhani anataka kuhama kwa sababu ya uani. Kumbe kila mvua alikuwa halali, anasikiliza zile kuta. "Mama, jengo litakuangukia!"

"Liniangukie. Limenibeba miaka yote, na mimi nitalibeba kidogo."

Mhandisi akasema watavunja mlango. Nikamwambia asubiri. Nikakichukua kiti cha Babu. Ndiyo, nilikishika, mikono yote miwili, nikakiweka kichwani, nikagonga mlango kwa kisigino.

"Bibi! Babu anahama! Nipo naye hapa, tunashuka. Wewe unabaki na nani?"

Nikagonga tena.

"Anasema njiani kuna mvua, nani atamfunika?"

Komeo likalia. Bibi akatoka na mwavuli na kanga ya kichwani, bila sanduku, bila sufuria, akakifunika kiti kwa mwavuli wake. Tukashuka ngazi hivyo, mimi mbele, kiti kichwani, Bibi nyuma yangu ameinua mkono, yeye mwenyewe analowa. Chini hakutazama nyuma. Alisema tu, "Usikiegemeze, miguu yake mibovu."

Jumanne, 23 Aprili

Nyumba mpya. Ina uani kweli. Dari halivuji, na Bibi hajui ndoo aiweke wapi.

"Picha zimekauka?"

"Bado, Bibi. Mvua."

Jumapili, 28 Aprili

"Picha zimekauka?"

"Unyevu mwingi, Bibi."

Jumatano, 1 Mei

Kiti kimewekwa nje ya mlango. Hapa hakuna ngazi, kimeelekea ukuta wa jirani. Bibi anakifuta vumbi.

"Picha zimekauka?"

"Karibu."

Mimi ni muongo mzuri, najisifu hadharani. Lakini uongo huu unanichosha kama kubeba kioo kwenye upepo.

Jumatatu, 6 Mei

Bi Shuka haonekani. Ukumbi umefungwa, mashuka yameshushwa. Nimemwita jina ambalo siliandiki.

Jumamosi, 11 Mei

Wamelibomoa. Nilikwenda, sikumwambia mtu. Nusu ilikuwa bado imesimama, imekatwa kama mkate. Ghorofa ya tatu niliona ukuta wa chumba chetu, wa kijani, uko nje kabisa, kila mpita njia anautazama. Pale palipokuwa na kalenda kuna pembe nne za kijani kibichi zaidi. Pale Mjomba alipokuwa akiegemeza kichwa kuna alama ya mafuta. Ngazi haipo. Nilijikuta nautafuta mluzi ambao sijawahi kuusikia.

Nilipiga kwa simu. Nikavuta kwa vidole nione ile kalenda. Uji.

Jumapili, 19 Mei

Leo Bibi hakuuliza. Nilikaa karibu naye siku nzima, nimeandaa jibu. Hakuuliza.

Jumanne, 21 Mei

Hakuuliza. Kiti hakikufutwa vumbi. Nimekifuta mimi.

Jumamosi, 25 Mei

Jua! Nguo za mtaa mzima ziko nje.

Na nani ameingia dukani? Bi Shuka, amekonda, ananuka dawa. Nilinuna. Nilimuuliza kama mteja, "Tukusaidie nini?" Akasema alikuwa mgonjwa, kisha alikuwa chumba cha giza, anasafisha (akasita, akasema "naosha kwa dawa") filamu zote zilizosahaulika kwenye begi. Na katika begi alikuta moja ya Matangi. Ile ya kwanza. Ya kupimia mwanga, isiyo na maana.

"Watu hawajajipanga," nikasema.

"Hakuna aliyejipanga," akasema, na macho yakawaka. "Njoo naye. Ukumbi unafunguliwa Jumamosi ya tarehe nane."

Fundi alikuwa anasikiliza. Akaniambia, "Funga mdomo, nzi wataingia."

Jumamosi, 8 Juni

Tulikwenda sote: Bibi, Mjomba na kiatu chake kilichopatikana, na mimi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata.

Matangi limechukua ukuta mzima wa mbele. Nilijua ni kubwa, nimeshazoea picha zake, lakini hii nilirudi hatua mbili nyuma ndipo nikaona mwisho wake. Jengo zima lipo. Nyufa zake, kutu ya matangi, nguo zinatiririka, ndoo ya plastiki yenye mpini wa waya. Binti wa ghorofa ya pili ana chanuo kichwani na mdomo umejaa pini. Mzee wa redio wa ghorofa ya kwanza amelala, redio kifuani. Mjomba yupo, ana kiatu kimoja, anachungulia chini ya kitanda mlango ukiwa wazi, mgongo wake tu. Hakuna aliyevalia picha. Hakuna aliyetutazama.

Bibi alianzia mbali, akasogea. Alikuwa anataja watu kwa sauti ndogo, mlango kwa mlango, kama anawasalimia. Alipofika ghorofa ya tatu akasogeza uso karibu.

Yupo. Ametulia kuliko wote jengo zima, kila mkunjo wa uso unauhesabu. Amevaa gauni la nyumbani, kifungo kimoja kimekatika. Na amekaa kwenye kiti cha Babu. Ameegemea, mikono juu ya mikono ya kiti, anatazama ngazi.

"Mama!" Mjomba akapiga kelele mpaka watu wakageuka. "Unakikalia!"

"Kelele za nini? Nilijua bado hajaanza kupiga."

"Mimi nilikula kofi!" nikasema.

"Ulistahili. Ulikuwa na matope." Akajitazama muda. Kisha akasema, siyo kwetu hasa, "Huwa nakaa mkishatoka. Ukikaa pale, ngazi yote unaiona. Anayerudi unamwona kabla hajakuona."

Bi Shuka alikuwa amesimama nyuma yetu, ameshika mikono yake mwenyewe. Bibi akamgeukia. "Hii siyo ile. Ile nilivaa gauni la bluu. Ile niliyoisafisha iko wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Ile ilitakata mno, mama," Bi Shuka akasema. "Ilitakata mpaka ninyi wote mkatoka."

Bibi akamkazia macho. Halafu bega likaanza kutikisika, akacheka, akamshika Bi Shuka mkono ili asianguke, wakacheka wote wawili na machozi yao. "Nilishajua. Picha gani inakauka msimu mzima! Na huyu anavyodanganya huku anajikuna sikio, kama babu yake." Akajipangusa. "Sabuni ile haijawahi kushindwa na kitu."

Mimi wakati huo nilikuwa najitafuta. Kijana mtanashati kuliko wote wa Matangi! Nilitafuta barazani, nilitafuta mlangoni, nilitafuta mpaka juu ya matangi. Simo. Watu wote wamo, na mbuzi wa mtu ghorofa ya chini yumo, mimi simo.

"Lakini mwanangu," Bibi akamwambia Bi Shuka, akisogea tena, "na wewe hii hukuisafisha vizuri. Ona hapa ngazini. Doa."

Kweli. Katikati ya ngazi, chini ya ghorofa ya tatu, kuna kitu kama pumzi kwenye kioo. Hakina uso. Kimeinama mbele kidogo, na chini yake vidato viwili vimefifia kwa pamoja.

Bibi ameshatoa kitambaa chake, ameshakilowesha ncha kwa ulimi. Mlinzi wa ukumbi anakuja, "Bibi, hairuhusiwi kugusa!" Nikawahi kumshika mkono.

"Acha, Bibi. Usisafishe. Hilo doa ni mume wako."

Akabaki ameinua kitambaa. Akalitazama lile doa, akajitazama yeye kule juu kitini, akalitazama tena.

"Anapanda," akasema, "au anashuka?"

"Anapanda, Bibi."

Akakunja kitambaa mara mbili, akakirudisha kifuani.

"Basi mwacheni aje."